Safari ya Bhutan: uishie Punakha, ufike Bumthang, au uvuke nchi nzima?

Ukishaamua kwenda Bhutan, swali linalofuata ni gumu kuliko la kwanza. Wakala anakutumia ratiba tatu. Ya kwanza inazunguka magharibi: Paro, Thimphu na Punakha. Ya pili inapenya hadi katikati ya nchi, Trongsa na Bumthang. Ya tatu inaivuka nchi yote hadi Trashigang, kisha inateremka na kutokea Assam, India. Zote zina ngome, mahekalu na milima, na zote zimewekewa picha ileile ya hekalu la Taktsang lililonata kwenye jabali. Bei zinatofautiana, hilo unaliona. Usichokiona kwenye karatasi ni jinsi siku zako zitakavyopita.

Ulinganisho huu ni wa msomaji wa Dar es Salaam, Mombasa, Kampala au Muscat ambaye anakwenda mara moja, ametafuta pesa kwa jasho, na hataki kugundua akiwa huko kwamba alichagua njia isiyomfaa.

Kwanza, yaliyo sawa kwa njia zote

Bhutan iliwafungulia watalii mlango mwaka 1974, mwaka wa sherehe za kutawazwa kwa Mfalme Jigme Singye Wangchuck, na tangu hapo imeshikilia sera ya wageni wachache wanaolipa vizuri. Anayejua jinsi Rwanda inavyouza vibali vya kuwaona gorila wa milimani kwa dola 1,500 ataielewa haraka. Leo mgeni wa kutoka kwetu analipa Ada ya Maendeleo Endelevu, dola 100 kwa kila usiku anaolala nchini. Ilikuwa dola 200 mpaka Septemba 2023 ilipokatwa nusu, na serikali ilitangaza kwamba kiwango hiki kitakaa hadi tarehe 31 Agosti 2027. Mtoto aliyefika miaka 6 lakini hajafika 12 analipa nusu, na mdogo zaidi halipi. Viza ni dola 40 na inaombwa mtandaoni kabla ya safari.

Elewa vizuri kwamba hiyo dola 100 haikulazi wala haikulishi. Ni mchango kwa hazina ya nchi. Hoteli, gari, dereva, mwongozaji na chakula vinalipwa juu yake. Kwa hiyo kila usiku unaoongeza unakugharimu mara mbili, na usiku ulioutumia kwa kupumzika tu baada ya kutwa nzima garini umeulipia sawa na usiku wa sherehe.

Mwongozaji mwenye leseni ni sharti ukitoka nje ya Paro na Thimphu. Usimchukulie kama mlinzi uliyebandikwa. Ndiye atakayekuombea ruhusa ya kuingia, kukueleza kuta zilizojaa michoro, na kukupeleka kunywa chai kwa watu. Shule za Bhutan zinafundisha kwa Kiingereza, basi mawasiliano si tatizo. Nitasema mapema: mwongozaji mzuri kwenye njia fupi anakupa zaidi kuliko mwongozaji mchovu kwenye njia ndefu. Omba kuzungumza naye kwa simu kabla hujalipa.

Ndege za kimataifa zinatua Paro, na zinazotua ni za Drukair na Bhutan Airlines. Kutoka Afrika Mashariki utaunganisha, na wengi hupitia Bangkok, Delhi au Kathmandu. Uwanja wa Paro umebanwa na milima pande zote. Marubani wanatua kwa macho, tena mchana tu, na ukungu ukishuka ndege inasubiri. Usipange ndege ya kurudi nyumbani saa chache baada ya kutoka Paro. Lala usiku mmoja kwenye mji wa kuunganishia. Uliza pia kama begi lako litapelekwa moja kwa moja, maana ukilazimika kulitoa na kulikabidhi upya utahitaji kuingia nchi ile, na pengine viza yake. Kadi ya chanjo ya homa ya manjano isikosekane mfukoni. Na ukiwa unatoka Delhi au Kathmandu, omba kiti cha kushoto: anga ikiwa safi, Everest inapita dirishani kwako.

Vigezo nitakavyotumia

Nimezipima njia zote kwa mambo matano: barabara na mwinuko, utakachokiona, pesa, msimu na sherehe, na mtu anayefaa kwenda. Cha barabara nakipa uzito wa pekee kwa sababu ndicho watu wanachokidharau. Barabara za Bhutan zinajipinda mlima hadi mlima, na kilomita 70 zinaweza kula saa mbili na nusu. Mtu anayeshikwa na kichefuchefu akipanda Lushoto au Loliondo ajipime hapa kwa ukweli.

Njia ya magharibi: Paro, Thimphu na Punakha (usiku 5 hadi 7)

*Barabara na mwinuko.* Hii ndiyo njia nyepesi kwa mwili. Paro hadi Thimphu ni saa moja na kitu. Thimphu hadi Punakha ni karibu saa tatu, ukipita Dochula, mita 3,100 hivi, penye stupa 108, minara midogo ya ibada ya Kibuddha, zilizokusanyika kwenye kilima kidogo. Siku ya anga safi safu ya Himalaya inakaa mbele yako ukinywa chai. Unalala kwenye mita 2,200 hadi 2,400, na Punakha unashuka hadi mita 1,200 ambako hata wakati wa baridi jua la mchana lina joto. Mtu aliyekulia usawa wa bahari ataona pumzi imepungua siku mbili za mwanzo, basi.

Kazi ya kweli ni Taktsang. Hekalu liko mita 3,120, yaani juu kuliko vibanda vya Mandara vya Kilimanjaro na chini kuliko Horombo. Unaanza kupanda karibu mita 2,600, na kwenda na kurudi kunachukua saa 4 hadi 6 pamoja na kutembelea ndani. Farasi wanaweza kumbeba mtu hadi karibu na mkahawa wa nusu ya njia. Kuanzia hapo ni miguu: unapanda, kisha ngazi za mawe zinateremka hadi kwenye maporomoko ya maji, kisha zinapanda tena hadi mlangoni. Simu, kamera na begi vinabaki nje. Inasimuliwa kwamba Guru Rinpoche, aliyeleta mafundisho ya Buddha nchini humu katika karne ya 8, alifika kwenye pango lile akiwa juu ya chui milia jike aliyeruka angani. Hekalu lilijengwa mwaka 1692, likateketea kwa moto mwaka 1998, na likajengwa upya. Mwambie wakala aiweke Taktsang siku ya mwisho, mwili ukishazoea. Ratiba zinazoiweka siku ya pili zinawanyima watu raha ya mahali penyewe.

*Utakachokiona.* Punakha Dzong ndiyo sababu yangu kubwa ya kuitetea njia hii dhidi ya wanaosema ni ya watalii. Ngome hiyo ilianza kujengwa mwaka 1637 na Zhabdrung Ngawang Namgyal, mtawa aliyeunganisha mabonde yaliyokuwa yakipigana yakawa nchi moja. Imekaa kwenye ncha ya ardhi ambapo mito ya Pho Chhu na Mo Chhu inakutana. Ndimo alimotawazwa mfalme wa kwanza, Ugyen Wangchuck, mwaka 1907. Nusu yake ni ofisi za serikali, nusu ni makao ya watawa, na hivyo ndivyo zilivyo ngome nyingi za Bhutan mpaka leo: karani na mtawa wanapita ua mmoja. Ukingoni mwa mto kuna mijakaranda, na aliyekaa Nairobi ataitambua zambarau ile kabla hajaelezwa. Huku inachanua miezi ya Aprili na Mei.

Kabla ya kuvuka daraja la kuingilia, mtazame mwongozaji wako. Anasimama, anatoa begani kitambaa kirefu cheupe kiitwacho kabney, anakikunjua, anakipitisha chini ya kwapa la kulia na kukirudisha juu ya bega la kushoto, huku akinyoosha gho yake, vazi la wanaume linalofika magotini. Rangi ya kitambaa inaonyesha cheo cha mtu: cheupe ni cha raia, cha njano ni cha mfalme na mkuu wa watawa. Hakuna anayemsimamia. Nawe umevaa mikono mirefu na suruali ndefu au sketi, umevua kofia, na ndani ya mahekalu utavua viatu na kuacha kamera.

Thimphu si mji wa kupita tu. Kwenye stupa ya kumbukumbu iliyojengwa mwaka 1974, wazee wanazunguka tangu alfajiri, wakienda upande wa saa, tasbihi mkononi, na unaweza kuzunguka nao bila kuomba ruhusa ya mtu. Uwanja wa Changlimithang una mashindano ya kulenga shabaha kwa upinde kutoka umbali wa mita 145 hivi. Mshale ukigonga, timu nzima inacheza na kuimba. Ni mchezo wa taifa, na wachezaji wanapenda watazamaji.

Neno kwa wanaosafiri na wazazi au wakwe: karibu na Punakha kuna hekalu la Chimi Lhakhang, la mtawa Drukpa Kunley, na kuta za nyumba za kijiji kile zimechorwa maumbile ya kiume, makubwa na ya rangi, kama kinga dhidi ya jicho baya. Wenyeji hawaoni haya kwa hilo. Ni dini na baraka, na wanawake wanaotafuta mtoto huenda kuombewa hapo. Jueni mapema, kisha muamue kwenda au kuruka.

*Pesa.* Usiku 6 ni dola 600 za ada na 40 za viza kwa mtu mzima, kabla ya mengine. Hoteli ni nyingi, basi kuna nafasi ya kuchagua bei.

*Msimu na sherehe.* Paro ina tshechu yake, sherehe ya ngoma za vinyago, kati ya Machi na Aprili. Thimphu ni Septemba au Oktoba. Tarehe hufuata kalenda ya mwezi, hivyo hubadilika kila mwaka. Siku ya mwisho ya Paro, kabla jua halijachomoza, watawa wanakunjua pazia kubwa la hariri lenye picha ya Guru Rinpoche na kulikunja tena kabla mwanga haujalifikia. Ni jambo la kuonwa, lakini hoteli hujaa miezi kabla. Kama huwezi kubanana, chagua wiki nyingine.

*Inamfaa nani.* Mwenye likizo ya wiki moja, familia yenye watoto, wazee, na mtu ambaye gari linamchosha. Pia anayetaka kukaa mahali na kuparudia. Ukiwa na usiku wa saba, uongeze Phobjikha, bonde la mita 3,000 hivi ambako korongo wenye shingo nyeusi wanashuka kutoka Tibet kuanzia mwisho wa Oktoba na kukaa hadi Februari. Nyaya za umeme bondeni zimefukiwa ardhini ili ndege wasijigonge. Beba nguo nzito. Usiku wa Phobjikha wakati wa baridi hauna huruma.

Njia ya kati: hadi Trongsa na Bumthang (usiku 9 hadi 11)

*Barabara na mwinuko.* Kutoka Punakha au Phobjikha hadi Trongsa ni saa 4 hadi 5, na Trongsa hadi Bumthang saa 2 na zaidi. Unavuka vipito vya zaidi ya mita 3,300 na kulala Bumthang kwenye mita 2,600 hadi 2,800. Kisha kuna la kurudi, na hapo ndipo ratiba nyingi zinapokosea: barabara ni ileile. Ndege ya ndani kati ya Bumthang na Paro inachukua nusu saa hivi na inakuokolea siku nzima, ila inategemea hali ya hewa. Ipange kwenda au kurudi, na uache siku moja ya akiba kabla ya ndege yako ya kimataifa.

*Utakachokiona.* Trongsa Dzong imetandazwa kwenye mgongo wa mlima juu ya mto Mangde, na zamani njia ya mashariki na magharibi ilipita ndani ya ngome yenyewe, kwa hiyo aliyeishika Trongsa alimiliki njia ya nchi nzima. Familia ya kifalme imetokana na watawala wa hapa, na mrithi wa kiti bado hupewa cheo cha Penlop wa Trongsa kabla ya kuwa mfalme.

Bumthang ni mkusanyiko wa mabonde manne, na kwa mtu anayetafuta dini kama watu wanavyoiishi, sioni mahali bora zaidi. Jambay Lhakhang inasemekana ilijengwa katika karne ya 7 na mfalme wa Tibet, Songtsen Gampo. Kurjey ina mwamba wenye alama ya mwili wa Guru Rinpoche. Tamshing, iliyojengwa mwaka 1501 na Pema Lingpa, ina shati la vita la minyororo ya chuma ambalo mahujaji hulibeba mgongoni wakizunguka hekalu mara tatu kufuta dhambi. Mwongozaji atakusaidia kulivaa. Ukilishusha mabega yanakuwa yameuma, na michoro ya ukutani uliyoipita gizani ukiinama imekaa kichwani kuliko yoyote uliyoangalia kwa utulivu.

Pema Lingpa ni mtu wa hapa. Si mbali na Jakar, mji wa Bumthang, kuna Mebar Tsho, mahali mto unapobanwa na miamba na maji kuwa meusi. Inasimuliwa alijirusha humo akiwa na taa inayowaka ili athibitishe kwamba hazina takatifu zimefichwa chini, akaibuka nazo na taa bado inawaka. Watu wanakuja kuwasha taa za siagi na kuacha sanamu ndogo za udongo kwenye mianya ya mawe. Sogea kwa uangalifu, kingo zinateleza.

Chakula kinabadilika pia. Wali mwekundu wa Paro unapisha nafaka iitwayo buckwheat kwa jina la kimataifa, inayopikwa chapati nene na tambi. Kwenye bonde la Chume wanawake wanafuma yathra, kitambaa cha sufu chenye rangi kali, mbele ya nyumba zao kando ya barabara.

*Pesa.* Usiku 10 ni dola 1,000 za ada na 40 za viza. Ndege ya ndani ni juu yake. Gari na mwongozaji hulipwa kwa siku bila kujali mko wangapi, kwa hiyo watu wanne wakienda pamoja wanapunguza pengo kati ya njia hii na ya kwanza.

*Msimu na sherehe.* Oktoba au Novemba kuna Jambay Lhakhang Drup, yenye lango la moto ambalo watu hupita chini yake mbio, na ngoma ya usiku wa manane ambayo wachezaji ni uchi isipokuwa kinyago usoni. Kamera ni marufuku kabisa. Aprili au Mei kijiji cha Ura kina Yakchoe, ndogo na ya karibu zaidi. Wakati wa baridi Bumthang ni baridi kweli, na hoteli nyingi hupasha moto chumba kwa jiko la kuni.

*Inamfaa nani.* Mwenye siku zisizopungua 10 anayejali mahekalu kuliko mandhari, mpenda historia, mpiga picha mvumilivu. Haimfai mwenye usiku 7. Wakala akikuwekea Bumthang kwenye usiku 7 kwa barabara kwenda na kurudi, karibu nusu ya mwanga wa mchana utaumalizia kwenye kiti cha nyuma. Mkatalie, au muiweke ndege ya ndani.

Kuvuka nchi nzima: hadi Trashigang na kutokea Samdrup Jongkhar (usiku 12 hadi 15)

*Barabara na mwinuko.* Siku ya Bumthang hadi Mongar ndiyo kipimo. Ni kilomita 190 hivi na saa 6 hadi 8. Unapanda Thrumshing La, karibu mita 3,800, kati ya miti ya fir na misunobari iliyovaa ukungu, kisha unateremka na kuteremka, barabara imechongwa kwenye ubavu wa genge, mpaka unafika daraja la mto Kuri kwenye mita 600 hivi, kwenye migomba na joto. Asubuhi ulivaa koti, saa tisa umebaki na shati. Mongar hadi Trashigang ni saa 3 au zaidi, na Trashigang hadi mpakani Samdrup Jongkhar ni saa 6 hadi 7. Mvua za Juni hadi Agosti huleta maporomoko ya udongo yanayofunga barabara hii. Miezi hiyo usiipange.

*Utakachokiona.* Mashariki haina Punakha wala Taktsang. Ina watu walio na muda nawe. Lugha inayosikika ni Tshangla, si Dzongkha ya serikali, na mwongozaji wa magharibi anaweza kujikuta mgeni. Omba mwenye asili ya huku. Katika wilaya ya Lhuentse, kijiji cha Khoma, wanawake wanafuma kishuthara, hariri ambayo mapambo yake yanaonekana kama yametariziwa kwa sindano. Ukiinama karibu na kitanda cha kufumia, ambacho mfumaji amekifunga kiunoni na kukivuta kwa mgongo wake mwenyewe, unaona vidole vikiinua nyuzi chache chache na kupenyeza uzi wa rangi mstari kwa mstari. Kira moja, vazi la wanawake, inaweza kuchukua miezi mingi, na bei yake inalingana na kazi. Ukinunua kwa aliyeifuma, usivutane sana bei.

Trashi Yangtse kuna Chorten Kora, stupa kubwa nyeupe ya mwaka 1740, iliyoigwa kutoka Boudhanath ya Kathmandu, na mafundi wanaochonga bakuli za mbao kwa gurudumu. Wenye miguu na siku za ziada wanaweza kwenda Merak na Sakteng, kwa wafugaji wa Brokpa wanaoishi na yak, ng'ombe wa milimani wenye manyoya marefu, nao ni wavaao kofia za sufu zenye mikia mitano inayomwaga maji ya mvua mbali na uso. Malazi ni ya nyumbani kwa watu: godoro sakafuni, choo nje, na ukarimu mwingi.

*Pesa.* Usiku 14 ni dola 1,400 za ada na 40 za viza. Hoteli ni rahisi kuliko magharibi na ni za kawaida. Maji ya moto huja na kwenda. Ukitokea Samdrup Jongkhar unahitaji viza ya India, na hapa uwe makini: viza ya mtandaoni ya India huruhusu kuingia kwa vituo vilivyoorodheshwa tu, vingi vikiwa viwanja vya ndege. Hakikisha na ubalozi wa India nyumbani kwamba viza yako inakubalika kwenye mpaka huo kabla ya kulipa wakala. Njia mbadala ni kurudi Paro kwa ndege kutoka Yongphula, karibu na Trashigang, ambayo nayo huahirishwa mara kwa mara kwa ukungu.

*Msimu na sherehe.* Trashigang na Mongar hufanya tshechu zao karibu Novemba na Desemba, na Chorten Kora hufurika mahujaji kati ya Februari na Machi. Utakuwa miongoni mwa wageni wachache, na mara nyingi mtu atakusogeza ukae kwenye mkeka wao.

*Inamfaa nani.* Msafiri aliyekwishazoea safari ndefu za basi na malazi ya kawaida, mpenda ufumaji na kazi za mikono, na anayerudi Bhutan mara ya pili. Simshauri mjamzito, mtu mwenye maumivu ya mgongo, wala familia yenye watoto wadogo.

Chakula na ibada

Kwenye njia zote utakula ema datshi, pilipili zilizopikwa na jibini, na pilipili hapa ndiyo mboga yenyewe. Nyama kwa kiasi kikubwa huletwa kutoka India, na Muislamu asitegemee kupata ya halali. Habari njema ni kwamba bila nyama unakula vizuri: viazi kwa jibini, uyoga kwa jibini, dengu, mayai, wali. Mwambie mwongozaji siku ya kwanza, na uulize kuhusu mafuta ya kupikia. Sehemu ya kuswali utaipata hotelini. Kibla ni upande wa magharibi. Magharibi hoteli zina uzoefu wa wageni wa kila aina. Ukienda mashariki beba tende, biskuti na viungo vyako vidogo.

Ukiwa katika hali hii

Una wiki moja na hujawahi kwenda: chukua magharibi, ulale usiku 2 Punakha badala ya 1, Taktsang iwe ya mwisho.

Una siku 10 au 11 na dini na historia ndivyo vinavyokuita: nenda Bumthang, upande mmoja kwa ndege, na ukae huko usiku 3 kamili.

Una siku 10 lakini unasafiri na mama wa miaka 70: baki magharibi na Phobjikha, utumie pesa ya ziada kwa hoteli nzuri na gari lenye nafasi.

Una wiki mbili, mgongo mzima na viza ya India iliyothibitishwa: vuka nchi, kati ya Oktoba na Desemba mwanzoni au Machi na Aprili.

Unataka mashariki lakini mpaka wa barabara unakutatiza: nenda kwa gari hadi Trashigang, urudi kwa ndege ya Yongphula, na uache siku 2 za akiba Paro. Ndege ikitoka kwa wakati, siku hizo zitumie kwa Taktsang.

Mko watatu na hamkubaliani: anayetaka mashariki na anayetaka kupumzika wasilazimishane ratiba ya katikati isiyomridhisha yeyote. Anzeni pamoja magharibi kwa usiku 5, kisha mmoja arudi nyumbani na wengine waendelee. Ada inahesabiwa kwa mtu na kwa usiku, kwa hiyo anayeondoka mapema halipii siku za wenzake. Mwambieni tu wakala tangu maombi ya viza, kila mtu na tarehe zake.